Kadi Nilizowekeshwa na Wanawake wa Nyuki

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, alasiri ya kiangazi, vumbi limesimama hewani kama limesahau kuanguka, na mpira umo juu ndani ya vumbi hilo, hauendi wala haurudi. Chini vijana wameinua nyuso, na sisi pembeni tunavuma. Mashabiki wa timu yetu hatukuwa watu wa makelele. Timu iliitwa Nyuki, ya pale Kanyenye, Tabora mjini, na sisi tulivuma kama mzinga: mdomo umefungwa, sauti inatokea puani, mmmm, wanaume kwa wanawake, mpaka wachezaji wageni wakawa wanajipapasa shingoni wakidhani wameingiliwa na nyuki. Nikifumba macho naisikia sauti ile kifuani. Mpira ule ulianguka wapi sikumbuki. Labda bado uko juu.

Nakuandikia kwa sababu nasikia na ninyi mmeletewa karatasi. Mnaambiwa timu yenu inatafutiwa mwenyewe, wanachama mtabaki na hisa kidogo na tajiri atachukua zilizo nyingi, na asiye na nafasi ya kuja mkutanoni atie saini ili mwingine amsemee. Shule yangu mimi ni ile ya watu wazima, ya jioni, nimesoma nikiwa na mtoto mgongoni. Mambo ya kampuni siyajui. Lakini hilo la kutia alama ili mwingine akusemee nalijua kuliko hao waliowaletea karatasi. Lilinipata nikiwa na miaka ishirini na miwili, mbichi, mzuri, mwenye maringo, na sisemi kwa kujisifu, waulize waliobaki.

Uhuru wakati ule ulikuwa mtoto anayeota meno, na neno Ujamaa ndiyo kwanza limeingia vinywani mwa watu. Lilikuwa neno tamu. Ukimwambia mtu jambo kwa jina la Ujamaa, alikubali kabla hujamaliza kulisema, maana nani alitaka kuonekana hapendi wenzake? Watu walichimba mifereji kwa kuimba. Hata wavivu waliamka mapema.

Basi sisi watu wa Nyuki tulikuwa na kiwanja, lakini kiwanja chenyewe kilikuwa pori la wazi tu. Njia ya zamani ya misafara ilikuwa imepita hapo hapo, ile iliyotoka pwani ikaenda zake Ujiji. Wazee walituonyesha mahali: mkanda wa ardhi ngumu, umekatiza kutoka goli hili mpaka goli lile, majani hayakuota hapo sawasawa kwa sababu ya nyayo za watu waliokwisha kufa. Mpira ukidunda juu ya mkanda ule ulidunda kwa namna yake, juu zaidi, kama umerushwa na mtu. Jioni jua likilala na vumbi likiwa jekundu, tulisema wapagazi wanapita. Tulisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyekatiza mbele yao.

Wakubwa wa mji wakatuambia: zungushieni ukuta, mkimaliza ni penu. Tukafyatua matofali. Na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye jambo. Hatukuwa na fedha za kununulia hisa. Tukakubaliana kwamba kila atakayefyatua matofali na kujenga pima moja ya ukuta atakuwa na hisa moja. Pima ni urefu wa mikono yako miwili ukiinyoosha, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kila mtu alipimwa kwa mikono yake mwenyewe. Mrefu alijenga zaidi, mfupi alijenga kidogo, na hisa ni ile ile moja, kwa sababu kila mmoja ametoa mwili wake mzima. Ukimaliza ulipewa kadi ngumu ya rangi ya manjano yenye jina lako. Na sheria ilikuwa fupi: mkutanoni, aliyeshika kadi ndiye mwenye mkono.

Wanawake tulijenga kumi na wawili. Wifi yangu Zena, mdogo wake babu yenu, alifyatua matofali yake akiwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa mfupi, pima yake ilikuwa kama ya mtoto, na tulimcheka. Akatujibu, "Chekeni tu. Fupi yangu itasimama, refu zenu zitalala mvua ya kwanza." Alikuwepo pia Bwana Hirji, mwenye duka la vitambaa, alikuja amekunja suruali mpaka magotini. Matofali yake yalitoka yamevimba kama maandazi. Tukamwambia aajiri kijana amfyatulie, akakataa. "Kadi ya kufyatuliwa nitaionea haya," alisema.

Ukuta ulipokwisha, wenzangu wanawake wakaniletea kadi zao niwawekee. Sababu ilikuwa paa. Babu yenu alikuwa mtu wa reli, nyumba yetu ilikuwa ya bati, na zao zilikuwa za nyasi. Nyasi huvuja, nyasi huungua, panya hukaa humo na ukoo mzima. Mimi nilikuwa na bati na sanduku la mbao lenye kufuli. Nikazifunga kadi kumi na mbili kwenye pembe ya kanga, nikafunga fundo, nikaweka chini kabisa. Zena alipokuwa anatoka mlangoni aligeuka akasema, "Wifi, hiyo ni mikono yetu umeiweka humo." Nikamjibu, "Mikono yenu haitapata hata baridi."

Mdomo hauna mfupa, mwanangu. Husema lolote.

Alikuwepo mtu anaitwa Masudi, mwenye lori. Alibeba tumbaku kutoka Urambo, na siku za mechi alibeba timu yetu bila kutoza kitu. Usimfikirie kuwa jitu la kutisha. Alikuwa mcheshi, mkarimu, aliipenda Nyuki kwa moyo, na alilia tulipofungwa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu alichokipenda alitaka kiwe chake. Alikuwa akisema kitu cha wote ni kitu cha fisi.

Asubuhi moja akaja nyumbani, mimi napepeta mchele.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo, Bwana Masudi."

"Marahaba, mama wa Nyuki. Unapepeta mchele au unapepeta roho za watu? Nimeanza kukuona tangu kule kona, nikakosa njia."

Nikacheka. Kucheka ndiko mlango.

"Kadi za akina mama ziko kwako?"

"Ziko sandukuni."

"Umefanya vyema. Sasa mkutano umekaribia, na wenzako wale watatoa wapi nafasi? Kuna mashamba, kuna watoto. Nipe mimi niwashikie, nikawasemee. Si ndiyo Ujamaa huo? Mmoja anashika kwa niaba ya wote."

"Ngoja nikawaulize wenzangu."

"Waulize, mimi sikatazi. Ila kesho lori linakwenda Bukene na timu, na kiti cha mbele nilikuwa nimekuwekea wewe. Najua mzee wa nyumba yuko huko kwenye reli. Muda gani hujamwona?"

Ulikuwa mwezi wa pili sijamwona. Na alijua.

"Nikikungoja umalize nyumba kumi na moja," akasema, "lori litakuwa limeshafika na kurudi."

Mwanangu, sikuzunguka nyumba kumi na moja. Sikuzunguka hata moja, na ya Zena ilikuwa inatazamana na yangu, ningepiga kelele tu kutoka hapo nilipokaa. Nilifungua sanduku. Nikafungua fundo. Akatoa karatasi iliyoandikwa, akanishika dole gumba kwa upole kama mtu anayemshika kifaranga, akalipaka wino, akaligandamiza. Wakati ule sikujua kusoma bado. Nilimuuliza imesema nini, akasema, "Imesema mnaniamini." Akaniachia doti ya kanga, mpya, bado inanuka kiwanda.

Safari ile ya Bukene nitaizungumzaje? Naiona kama kitu kilichompata mtu mwingine aliyefanana nami. Kina mama wa siku zile hatukukaa mbele. Tulipanda nyuma, juu ya magunia, tumeshikana viuno. Na mimi nimo mbele, kanga mpya begani, kioo kimeshushwa, pori la miombo linakimbia pande zote mbili kama linanipisha. Mizinga ya nyuki ilikuwa imening'inia juu mitini, mmoja mmoja, kimya, na harufu ya tumbaku iliyokauka imejaa ndani ya gari mpaka kichwa kinaelea. Vijana nyuma wanaimba taratibu. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na kila nikiamka mwanga ulikuwa ule ule wa njano, mti ule ule, mzinga ule ule. Nilidhani hatutafika, na sikujali. Kama kuna utamu wa kumponza mtu, basi ni huo: utamu usiokutaka ufikiri.

Babu yenu alinipokea pale stesheni, mikono imejaa grisi, uso umefunguka.

"Mayo!" akaniita, ndiyo mama kwa kilugha chetu. "Umekuja na nini?"

"Na lori la Bwana Masudi. Kiti cha mbele."

"Kwa nauli gani?"

"Bure."

Aliniangalia. Akaiangalia kanga. Akanawa mikono, akala ugali wake wote, na hakuuliza tena. Mwanamume akinyamaza hivyo, mjue ameshasikia.

Mkutano ukafika, Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Watu walikaa chini kuuzunguka mkanda ule wa wapagazi. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Petro, Mmoravian, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ndogo aliyezoea watoto wamsogelee. Wanawake wenzangu wakaja kwangu wote, wameoga, wamevaa, Zena na mtoto wake mpya mgongoni.

"Wifi, tugawie mikono yetu," akasema.

Nikasema, "Bwana Masudi atatusemea."

"Atatusemea nini?"

Nilikuwa sijamuuliza.

Masudi akasimama. Na nyuma yake wakasimama watu tusiowajua, madereva na mataniboi wake, wale wapakiaji wa lori, wengine ndugu zake wa Urambo, kila mmoja ameshika kadi ya manjano. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema timu isiyo na mwenyewe haina kesho. Alisema yeye ataichukua Nyuki, aipeleke Urambo kwenye tumbaku na watu wenye nguvu, aivalishe, ailishe, na huu uwanja, kwa kuwa ukuta upo tayari, utiwe paa uwe ghala la tumbaku. "Mtajivunia," alisema. "Mtasema timu ile kubwa ilizaliwa kwetu."

Mzee mmoja akauliza, "Na sisi tutakuwa nani?"

"Mashabiki," Masudi akajibu. "Kwani sasa ni nani?"

Mwalimu Petro akasema wanaokubali wainue kadi. Kadi zikainuka. Za wanaume aliokwisha kuwashawishi, na zile kumi na mbili zetu, mikononi mwa mataniboi. Niliiona ya kwangu, niliijua kwa doa la udongo. Ilishikwa na kijana mwenye meno ya dhahabu, hata hakuwa anatazama mbele.

Mkono mtupu haulambwi, na mkono mtupu hauhesabiwi. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wananiangalia, mikono mapajani.

Zena ndiye aliyepaza sauti. "Mwalimu, hizo kadi ni zetu. Hatukumpa."

Masudi akatoa karatasi, akaikunjua bila haraka. "Mwalimu, hili hapa dole gumba la mweka kadi wao. Imeandikwa wamenikabidhi kwa hiari. Leo wamejuta tu, ndiyo tabia ya wanawake. Watasema hawakunituma, mimi nitasema walinituma. Ushahidi ni huu."

Mwalimu Petro akaisoma karatasi. Akavua miwani. "Mwenye dole hili yuko hapa?"

Mwanangu, nilikuwa nimekaa. Nikaendelea kukaa. Nikajiambia nikisema, kiti cha mbele kitajulikana, kanga itajulikana, na mji mzima utamfikiria babu yenu kuwa ameoa mtu wa kununuliwa na kitambaa. Nikisema nilitumwa na wenzangu, nitakuwa nimeokoka. Wao watakuwa wamepoteza, mimi nimeokoka. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na vumbi ndani ya uwanja limekuwa jekundu, watu wote wamekuwa vivuli visivyo na nyuso, na nilitamani kubaki kivuli na mimi.

Jirani yangu pale chini alikuwa Bibi Kalunde. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, na yeye mwenyewe alikuwa mzee sana wakati ule, macho yameingia ukungu. Hakunigeukia. Alisema chini chini, kama anayezungumza na fimbo yake:

"Baba yangu alibeba jino la tembo kutoka hapa mpaka pwani. Kirangozi alitangulia mbele na bendera, sawa, kila safari ina wa mbele. Lakini sikusikia mpagazi aliyewekeshwa mizigo ya wenzie waliolala, akamkabidhi kirangozi, kisha yeye akapanda punda."

Nikachora vumbini kwa kidole.

"Punda alikuwa mtamu?" akauliza.

"Bibi, wataniona mimi ni mtu gani?"

"Watakuona ulivyo. Mficha uchi hazai, mayo. Simama kabla jua halijazama, wakuone vizuri."

Nikasimama. Nikasema dole ni langu. Nikasema wenzangu hawakunituma, sikuwauliza, waliniwekesha nami nikatoa, kwa ajili ya kiti cha lori na doti ya kanga, na kanga yenyewe ndiyo hii niliyoivaa. Maana nilikuwa nimeivaa, mwanangu. Ujinga wa ujana ni kuvaa kosa lako ukaenda nalo mkutanoni.

Wanaume wakacheka. Masudi akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko, "Binti alipanda mwenyewe, akashuka mwenyewe. Sasa amesahau."

Lakini Mwalimu Petro hakucheka. Alifikiri, kisha akasema, "Hisa zetu ni ukuta. Kila mwenye kadi aende asimame kwenye pima yake."

Basi ungeona. Watu wa Nyuki waliinuka wakaenda moja kwa moja, kila mtu kwenye kipande chake, kama kuku wanavyojua viota. Wanawake wenzangu walikwenda bila kadi wakasimama penye udongo waliokanyaga kwa miguu yao. Wale mataniboi wakabaki katikati na kadi zao, wakaanza kuzunguka wakisoma ukuta kama una maandishi. Yule wa meno ya dhahabu akajibanza mahali fulani. Bwana Hirji akamwambia, "Hapo pangu, ndugu. Tofali baya vile, mwingine gani angefyatua?" Akahama. Akaenda kwa Zena, akanyoosha mikono, ikapita pima upande huu na upande huu. Zena, kichwa chake kikimfika yule kijana kifuani, akamwambia, "Rudi kwa mama yako akuzae upya, mfupi."

Na hapo ndipo watu walipoanza kuvuma. Sijui nani alianza. Hakukuwa na mpira, hakukuwa na timu ya ugenini, watu tu wameegemea ukuta walioujenga, mdomo umefungwa, mmmm, uwanja mzima, hata Bibi Kalunde pale chini na fimbo yake, na vumbi jekundu limesimama. Naapa nilihisi ardhi ile ngumu inatikisika chini ya miguu kama kuna msafara mrefu unapita. Mataniboi wakaleta kadi mmoja mmoja kwenye meza ya Mwalimu. Hakuna aliyewagusa.

Uwanja ukabaki wetu. Usidhani basi mambo yote yakawa asali. Masudi aliondoka na lori lake, na wachezaji wazuri wakamfuata Urambo, nao siwalaumu, tumbo halina timu. Tulibaki na vijana wanne na golikipa aliyeogopa mpira. Tukasafiri kwa treni daraja la tatu, mahali pengine kwa miguu, na tulifungwa mpaka tukazoea ladha yake. Na Masudi nilikutana naye miaka ya baadaye sokoni, akanisalimia vizuri. Akaniambia, "Ningewafikisha mbali." Nami naamini angewafikisha. Ila Nyuki wangefika bila sisi.

Wanawake wenzangu wakanisema siku nzima, kila mmoja kwa zamu yake, na mimi nikasikiliza. Kisha wakanisamehe. Wakachukua kadi zao, kila mmoja akaenda kuificha kwake, kwenye nyasi na panya wake.

Zena alinisamehe kabla ya wote. Tulilea pamoja, tulizika pamoja, tulilima mpunga bega kwa bega miaka na miaka. Alinitania mpaka uzeeni akiniita Kiti cha Mbele, nami nikicheka. Lakini nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata babu yenu. Mwaka mmoja Zena aliugua akapelekwa Mwanza hospitali. Asubuhi ya kuondoka alikuja kuniaga, akanikumbatia, akaniachia mapapai mawili yaliyoiva. Halafu nikiwa nimesimama mlangoni pangu, nikamwona anavuka, anapita mlango wangu, anakwenda nyumba ya nne, kwa mwanamke aliyehamia mtaani miezi mitatu tu, hata jina lake tulikuwa hatujalizoea. Akampa ufunguo wa nyumba yake amwekee.

Hakufanya kwa ubaya. Nadhani hata hakufikiria. Mkono wake tu ulikuwa umeshajifunza njia nyingine. Hakurudi kutoka Mwanza akiwa hai, na ufunguo ule aliuleta yule jirani siku ya msiba, akamkabidhi mwana wa Zena, sikuushika mimi.

Kusamehewa nilisamehewa, mwanangu. Kuaminiwa ni kitu kingine.

Kwa hiyo shika neno langu. Sikuambii umchukie tajiri, timu haisafiri kwa nyimbo, inataka lori, na mwenye lori umheshimu na umshukuru mbele ya watu. Aendeshe lori. Kadi yako asiishike. Hisa yako hata ikiwa ndogo kama ukucha, iendee mkutanoni kwa miguu yako, ukae juani, usikilize maneno marefu yanayochosha, mpaka uulize lile swali dogo la mzee yule: na sisi tutakuwa nani? Ukiona haya kuuliza, uliza hivyo hivyo na haya yako. Karatasi usiyoielewa usiitie alama, na anayekuharakisha mpishe apite, maana haraka ni yake. Ukiugua au ukiwa safarini, mtume mtu mliyekaa mkaambiana neno kwa neno, na umtume kwa kinywa chako, asijitume.

Na zaidi ya yote, maana hili ndilo lililoniuma mimi: wenzako wakikuwekesha kitu, kuwekeshwa si kupewa. Zunguka nyumba zote kumi na moja. Jua likuchome, miguu ikuume, lori likuache. Na ukiwa umeshakosea, simama useme ungali na jua la kuonekana. Utachekwa. Kicheko huisha jioni ile ile.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na akuonyeshe matunda yake ukiwa bado na meno ya kuyatafunia. Akupe majirani watakaokuachia funguo zao bila kugeuka nyuma, na usingizi wa mtu ambaye hakuna mlango anaoupita ameinamisha uso. Amina, mwanangu, na amina tena.